Jeli Haikuwa Mbaya

Mliponialika hapa Stratford, mwenyekiti wenu aliniandikia ujumbe mzuri sana. Alisema vijana wanaosomea kazi za maabara wangependa kusikia nilikotoka, na akaniomba nizungumze mambo ya kutia moyo. Nikamjibu kwamba nitakuja, lakini moyo mjitie wenyewe. Mimi nina hasira. Nilikuwa nayo kazini, nimestaafu nayo, na leo nimepanda nayo treni kutoka Croydon pamoja na mkoba wangu na chupa yangu ya chai.

Kwa wasionijua, naitwa Gulshan. Ni Mhindi wa Mombasa, mzaliwa wa Kibokoni. Nilikuja London mwishoni mwa miaka ya sitini, wakati familia zetu zenye pasi za Kiingereza zilipokuwa zikikimbilia ndege kabla sheria mpya haijatufungia mlango. Kazi yangu ilikuwa vinasaba. Kuvitoa kwenye damu, kuvikata, kuvipima, kuvitengeneza. Nyinyi sasa mnaweka tone kwenye mashine, mnakwenda kunywa kahawa, mkirudi majibu yako kwenye skrini. Sisi tulitumia mikono. Nitawaambia mikono hiyo iliona nini, na mdomo ulifanya nini, kwa sababu mdomo ndio ulioniaibisha.

Mombasa nilikuwa msaidizi wa maabara hospitalini. Miaka minne nilisoma slaidi za malaria, nimeinamia darubini mpaka shingo ikakakamaa. Nilikuja na cheti changu ndani ya bahasha ya plastiki. Bwana mmoja wa ofisi ya kazi alikitazama mbele, akakigeuza nyuma, akasema, "Hiki ni cha nchi za joto." Kana kwamba darubini hugeuka kitu kingine ukiivusha bahari. Akanipa karatasi ya kwenda hospitali moja hapa London. Nilifurahi mpaka nilipofika. Kazi ilikuwa kuosha chupa.

Hapo ndipo nilipokutana na Mzee Khatibu. Siku ya kwanza niliteleza, chupa ikapasuka, nikapiga ukelele, "Mama yangu wee!" Mtu mrefu aliyekuwa kwenye sinki la pili akauliza bila kugeuka, "Wa wapi wewe?"

"Mombasa."

"Mombasa ya wapi?"

"Kibokoni."

"Haya, Dada Gulshan," alisema baada ya kusoma jina kwenye aproni yangu. "Okota vigae. Halafu hizo ulizoosha uzioshe tena, hazijatakata."

Alikuwa Mpemba wa Wete. Kwao alikuwa mtoa dawa wa hospitali, mtu wa kuvaa koti jeupe na kuamkiwa njiani, mpaka mambo ya kisiwani yalipomwondosha. London ilimpa aproni ya mpira. Alijua kemia kuliko nusu ya wale vijana waliokuwa wakimtupia vyombo vichafu bila kusema ahsante. Hakuna aliyewahi kumuuliza alikuwa nani. Nasema hakuna, na nilikaa naye miaka.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba maji ya bomba si maji. Kwa macho yako ni safi, lakini kwa kazi ya maabara yamejaa chumvi na takataka, na chupa iliyosuuzwa kwa hayo inaweza kuharibu kazi ya wiki nzima ya mtu. Suuza mara tatu kwa maji ya bomba, mara tatu kwa maji yaliyotoneshwa. Alizihesabu kwa sauti, kama anatia udhu. Nami mpaka leo nyumbani naosha vikombe namna hiyo, na wajukuu wananicheka.

Nilisoma masomo ya jioni, nikapata cheti cha Uingereza cha kitu nilichokuwa tayari nakijua. Kazi za vinasaba zilipoanza kushika kasi, wakubwa walihitaji watu wenye mikono mitulivu. Nikatolewa kwenye sinki, nikapewa meza. Mzee Khatibu walimwacha palepale. Walisema umri wake umeenda. Alikuwa na miaka hamsini na kidogo.

Sasa nisikilizeni, maana wengine wenu mmeshika simu. Vinasaba mara ya kwanza nilivishika kwenye kijiti cha kioo. Unachukua damu, unapasua seli zake, unaondoa protini, halafu unamimina spiriti baridi taratibu ubavuni mwa chupa. Pale spiriti inapokutana na maji, unaanza kuona nyuzi nyeupe, kama tambi nyembamba kabisa. Unazizungusha kwenye kijiti. Hapo umemshika mtu mzima, na babu zake. Usitikise kwa nguvu. Ule uzi ni mrefu mno kwa wembamba wake, ukiutikisa unakatika vipande ovyo na huna kitu tena.

Uzi wenyewe ni nyuzi mbili zilizosokotana. Nje kuna uti wa sukari na fosforasi, ndani kuna herufi nne zinazotazamana, kila moja na mwenzake: A humshika T, G humshika C. Hawabadilishani. Nilipomweleza Mzee Khatibu alifikiri kidogo, akasema, "Kwa hiyo nikiwa na upande mmoja, upande wa pili naujua hata sijauona." Ndiyo hiyo. Kwenye sentensi hiyo moja imesimama kazi yangu yote. Ukitaka kujua kama mtu ana kosa fulani kwenye jeni, unatengeneza kipande kifupi cha herufi kumi na tisa hivi, unakibandika fosforasi yenye mionzi ili kionekane, unakimwagia juu ya vinasaba vyake. Kikipata mwenzake kinashika. Kisipopata kinaoshwa. Kipande hicho tulikiita probu.

Lakini probu hutafuta kile ulichoituma kutafuta. Shikeni neno hilo, tutafika.

Kabla ya hapo niwaambie kosa langu la kwanza, mcheke kidogo, maana baadaye hamtacheka. Niliandika majina kwenye mirija kumi na miwili kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko mzuri wa shule ya Mombasa. Kisha nikaipangusa kwa spiriti ili iwe safi. Ilikuwa safi kweli. Haikuwa na jina hata moja. Wagonjwa kumi na wawili wakageuka mirija kumi na miwili, na ikabidi wote waitwe watolewe damu tena. Mkuu wetu wa maabara, Dakta Pelling, aliwaita wenzangu wote waje waone. Alikuwa akiniita Gill, kwa sababu Gulshan ilimshinda. "Njooni mtazame usafi wa Gill," alisema.

Nililia kule kwenye chumba cha kuoshea. Mzee Khatibu akanitolea penseli mfukoni.

"Kwenye lebo ya mrija, penseli," alisema. "Spiriti haiifuti. Kwenye daftari, wino. Usichanganye."

"Kwenye daftari kwa nini wino?"

"Kwa sababu iko siku mtu atataka ufute."

Hasira yangu inaanzia hapa.

Katikati ya miaka ya themanini kliniki ilituletea familia moja ya Stanmore. Baba aliitwa Iqbal, fundi wa mabasi. Mama alikuwa mzaliwa wa Kisumu, wa asili ya Kipunjabi, na sote tulimwita Mama Salma kwa jina la binti yake. Salma alikuwa na miaka sita na alikuwa na thalasemia. Kwa wasioijua: ni ugonjwa wa kurithi ambao mwili unashindwa kutengeneza damu ya kutosha. Mzazi mmoja akikupa jeni mbovu, unaishi vizuri tu, wala hujui. Wote wawili wakikupa, unatiwa damu kila baada ya wiki tatu au nne maisha yako yote. Na damu hiyo inaleta chuma, na chuma kinakaa kwenye ini na kwenye moyo, kwa hiyo Salma alilala kila siku na sindano ya dawa ya kuondoa chuma imechomekwa tumboni.

Mama Salma alikuwa na mimba ya wiki kumi na moja. Alitaka kujua.

Niliitwa nikamkalimanie, kwa sababu daktari wa kliniki alimwona kavaa shalwari akadhani hajui Kiingereza. Alikijua. Alikaa tu kimya akimtazama. Mimi kwetu tunazungumza Kikachi, yeye Kipunjabi, basi tukajikuta wanawake wawili wa Kihindi katikati ya London tunazungumza Kiswahili.

"Dada Gulshan," aliniambia, "mimi na mume wangu tumeshamuuliza shehe, tumeshazungumza wenyewe. Tutakachoamua ni chetu. Ninachotaka kwenu ni ukweli tu. Mtaniambia?"

"Tutakuambia, Mama Salma."

Nilisema hivyo. Mimi, kwa mdomo huu.

Daktari akachukua kinyama kidogo cha kondo la nyuma, tukaletewa pamoja na damu ya baba, ya mama na ya Salma. Maabara yetu ilikuwa na probu nne. Zote nne zilitengenezwa kwa makosa ya jeni yanayopatikana kwa watu wa Saiprasi na Italia, kwa sababu hao ndio waliokuwa wagonjwa wetu wa mwanzo. Nilizijaribu zote. Hakuna iliyoshika kosa. Kwa baba hakuna, kwa mama hakuna, hata kwa Salma hakuna, na Salma alikuwa mgonjwa mbele ya macho yetu! Mtoto anatiwa damu kila mwezi na kipimo chetu kinasema hana kosa. Hapo hata asiyesoma angejua kwamba kipimo ndicho kisichojua kitu.

Nikafanya njia ya zamani, ndefu. Ukikata vinasaba kwa kimeng'enya, yaani ile protini inayofanya kazi ya mkasi, ukavipitisha kwa umeme kwenye jeli, yaani ute ulioganda, vipande vidogo hukimbia mbele, vikubwa hubaki nyuma. Kisha unavihamishia kwenye utando, unaitafuta jeni nzima, unalaza filamu ya eksirei juu yake, unaifungia kwenye friza siku kadhaa. Filamu ikitoka, jeni unaiona kama mstari mweusi. Tunauita bendi. Mtu mwenye jeni kamili ana bendi moja.

Mama alikuwa na moja. Baba alikuwa na mbili: moja mahali pake, nyingine chini zaidi. Salma mbili. Na aliye tumboni, mbili vilevile.

Niliishika filamu ile dirishani. Bendi ya chini maana yake ni kipande kifupi. Jeni ya baba ilikuwa imekatika, imepungukiwa na sehemu. Salma alirithi jeni hiyo, na aliye tumboni naye alirithi hiyo hiyo. Kosa la mama tulikuwa hatujalijua, huenda lilikuwa herufi moja tu, na herufi moja haionekani kwa njia hii. Kwa hiyo sikuweza kusema mtoto ataumwa. Niliweza kusema jambo moja: nusu ya hatari ipo hapa kwenye filamu, na nusu ya pili hatujaitafuta.

Wakati wa chakula cha mchana nilikwenda maktaba. Sikuhangaika sana. Watu wengine walikuwa wameshaliona pengo kama hilo kwenye damu ya Wahindi, na walishaliandika. Lilikuwa kwenye rafu, mwendo wa dakika tano kutoka mezani kwetu.

Nikarudia kazi yote upya, kuanzia kukata. Bendi ileile. Nikampelekea Dakta Pelling.

"Hii nini?"

"Baba ana bendi ya pili. Salma anayo, na mimba inayo. Nadhani jeni ya baba imepungua."

Hakuipeleka hata kwenye mwanga. "Jeli mbaya, Gill."

"Hii ni mara ya pili, Dakta. Nimeirudia."

"Basi umeirudia vibaya. Unakumbuka mirija yako?"

Miaka saba ilikuwa imepita tangu mirija ile. Miaka saba, na sikuwa nimekosea jina hata moja.

Mzee Khatibu alikuwa akipita na kikapu cha vyombo. Hakusimama. Alisema tu kwa Kiswahili, kama anayejisemea, "Mwambie aandike."

Nikafungua daftari langu mbele ya Pelling. "Dakta, kwa kuwa si mimi wa kuamua, naomba uandike hapa kwamba tuiache." Akachukua kalamu kwa haraka, maana alikuwa anangojewa kwenye mkutano, akaandika pembeni mwa mchoro wangu: jeli mbaya, ipuuzwe. Akatia herufi za jina lake na tarehe.

Majibu yaliyochapwa yalisema: "Hakuna mabadiliko yaliyoonekana." Tazameni sentensi hiyo vizuri. Si uongo. Probu nne za Saiprasi na Italia hazikuona kitu. Lakini daktari wa kliniki, mtu mwenye wagonjwa arobaini wanaomngoja, akisoma hivyo anasoma kwamba mtoto ni mzima. Na Mama Salma akiambiwa hivyo na daktari, anasikia kwamba Mungu amemhurumia. Kutoona si kutokuwepo! Baadaye, nilipokuwa nikifundisha, niliwahi kusema hivyo kwa sauti darasani mpaka mwanafunzi mmoja akadondosha kalamu.

Lakini siku ile sikusema. Hilo ndilo ninalotaka mlisikie kutoka kwangu mwenyewe. Kanuni zilitukataza sisi wa mezani kuzungumza majibu na wagonjwa, na mimi nilijificha nyuma ya kanuni hizo. Niliogopa kurudishwa kwenye sinki. Hakuna sababu nyingine, nimeitafuta miaka yote sijaipata. Bahasha ya majibu niliitia mimi kwenye kikapu cha barua za kliniki, kwa mkono wangu.

Wiki iliyofuata Mama Salma alitupitia maabara na boksi la biskuti za nankhatai alizopika mwenyewe. Uso mzima ulimng'aa. "Dada Gulshan, mmenipa usingizi," alisema. "Kula."

Nilikula. Nilikula mbili.

Mtoto alizaliwa, wakamwita Mariamu, mnene, mzuri. Thalasemia haionekani siku ya kwanza, kwa sababu mtoto huzaliwa na damu ya aina ya tumboni, ambayo ni nzima. Inapokwisha hiyo, na ile ya ukubwani ikatakiwa ianze, ndipo mambo hujitokeza. Mariamu alipofika miezi saba alianza kupauka. Akawa hanyonyi. Tumbo likavimba.

Mama Salma alikuja mpaka mlangoni mwa maabara, amembeba. Hakumuulizia Pelling. Aliniulizia mimi.

"Dada Gulshan, wewe ndiye uliyefanya kipimo?"

"Ndiyo."

"Uliona kitu?"

Wenzangu wote walikuwa wananitazama bila kuelewa maneno. Ningeweza kusema chochote.

"Niliona," nikasema.

Hakupiga kelele. Alininyooshea mtoto. "Mshike."

Nikamshika. Alikuwa mwepesi, na midomo yake ilikuwa na rangi ya karatasi. Mama Salma akavuta kiti, akakaa, akaikunjua mikono yake mapajani kama mtu aliyetua mzigo mzito.

"Pengine ningemzaa," alisema. "Pengine nisingemzaa. Mimi na baba yake tungekaa, tungelia, tungeamua. Sasa hatutajua kamwe tungekuwa watu gani. Hilo mmelichukua ninyi. Wewe hukuninyima mtoto wala hukunipa mtoto. Umeninyima mimi mwenyewe."

Nilimrudishia Mariamu, nikaenda kwenye kabati, nikatoa filamu mbili na daftari, nikatoka. Sikuvua hata koti la maabara. Nilikwenda mpaka ofisi ya mkuu wa idara nzima, nikamwambia katibu wake kwamba nitasimama hapo mpaka aniite.

Kukawa na kikao. Pelling alisema nimeandika maelezo yale baadaye ili kujikinga. Akasema kwamba watu wa kwetu wana tabia ya kuoneana huruma, na huruma haina nafasi kwenye sayansi. Nikafungua ukurasa. Mwandiko wake ulikuwa pale, kwa wino, na herufi za jina lake, na tarehe. Aliusoma. Kisha akasema, "Ilikuwa siku yenye shughuli nyingi."

Mtauliza alifanywa nini. Alihamishiwa kazi nyingine, akafanyiwa tafrija ya kuagwa, kukawa na divai na hotuba. Mimi nilipewa barua ya onyo kwa kuzungumza majibu na mgonjwa. Iqbal na Mama Salma walipata barua yenye neno "inasikitisha". Mama Salma alinionyesha. Alikuwa amelipigia mstari neno hilo, akaandika chini yake kwa Kiswahili: inamsikitisha nani?

Kitu kimoja kilibadilika, nacho sikukiacha kwa mtu mwingine. Nilitengeneza probu za makosa yanayopatikana kwa Wahindi. Herufi baada ya herufi, mwanzoni kwa mkono, kwenye mirija ya kioo, unaongeza moja, unaosha, unaongeza nyingine, na unyevu ukiingia kidogo tu kazi yote imekufa. Ya kwanza iliposhika nilimwita Mzee Khatibu aje aone filamu. Aliitazama kwenye mwanga kwa muda mrefu kuliko Pelling alivyowahi kutazama kitu chochote changu. "Hii," alisema, "ungeweza kuifanya mwaka ule ule." Hakuwa mtu wa kukupaka mafuta. Alistaafu akiwa bado kwenye sinki, akafariki hapahapa London. Mazikoni kutoka hospitali nilikuwa mimi peke yangu.

Nimeona mengi tangu hapo. Nimeona mashine zikichukua kazi ya vidole vyangu, nami nikazishangilia, msidhani nazionea wivu. Nimeona watu wakiacha kusoma vinasaba tu na kuanza kuvifanya dawa. Hapo ndipo ufundi wa kuvibadilisha ulipokuwa na maana. Kipande cha kawaida ukikitia kwenye damu hakidumu, vimeng'enya vinakila mara moja. Hasa RNA, yule ndugu wa uzi mmoja, huyo hata jasho la kidole chako linamuua. Vaeni glavu, na mkigusa pua badilisheni! Basi wanakemia wakatoa oksijeni moja kwenye uti, wakatia salfa mahali pake. Wakaongeza kikundi kidogo kwenye sukari. Herufi zinabaki zilezile, zinasomeka vilevile, lakini mla-uzi akija hapati pa kung'ata. Badiliko dogo hivyo, na kitu kilichokuwa kinakufa kwa dakika kikaishi siku nyingi.

Salma hakuyafikia hayo. Chuma kiliushika moyo wake akiwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa anasomea ualimu. Sitaongeza neno hapo.

Mariamu alifikia. Amekaribia miaka arobaini sasa, anafanya kazi benki, ana ulimi mkali. Juzijuzi alipata ile tiba mpya: wanatoa seli zako, wanazitia RNA iliyokingwa miishoni kwa njia hizo nilizowaeleza, nayo inaelekeza mkasi mpaka mahali pamoja tu kwenye jeni, panakatwa, na mwili unaanza tena kutengeneza ile damu ya utotoni. Si mchezo. Walimpa dawa kali kusafisha uboho, nywele zikaisha, akakaa hospitali wiki nyingi mdomo una vidonda. Lakini ametimiza mwaka bila kutiwa damu ya mtu.

Walinialika Stanmore kwa chakula. Mama Salma sasa anatembea na mkongojo. Miaka hii yote hakunifukuza, wala hakunikumbatia. Mariamu anaelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno yake nawafasiria. Tulikuwa jikoni, mimi nakatakata vitunguu, mama yake ameketi.

"Bi Gulshan," alisema, "nikuulize. Kama siku ile ungemwambia mama ulichokiona, inawezekana mimi nisingekuwepo. Sivyo?"

Niliweka kisu. Mama Salma aliinamisha macho mezani.

"Inawezekana," nikasema.

"Na mimi nipo. Nimepona."

"Upo. Umepona. Na bado ilinipasa niseme."

Nilidhani atalia, au atanitupia sahani.

"Afadhali," alisema. "Watu wote huniambia kwamba ilikuwa kheri. Madaktari, shangazi zangu, wote. Kama vile damu niliyotiwa miaka yote hiyo, na kifo cha dada yangu, ni njia tu ya kunifikisha hapa. Wewe ni wa kwanza kuniambia mbele yangu kwamba lilikuwa kosa."

"Lilikuwa kosa," nikasema tena, safari hii nikimtazama mama yake.

Mama Salma alinyoosha mkono, akachukua kile kisu, akaanza kukata vitunguu mahali nilipoachia. Hakusema amenisamehe. Sikumwomba. Tulipika, tukala, na nilipotoka alinisindikiza mpaka kwenye geti kwa mkongojo wake. Kabla ya siku hiyo, siku zote aliishia mlangoni.